Kijivu Kilichofunikwa

Mwankoko, Singida
14 Juni, 2023

Mpendwa mwanangu Yasinta,

Marahaba. Shikamoo yako nimeipokea pamoja na picha uliyoichora. Je, u mzima? Kile kikohozi kimekuachia? Mimi magoti yananisumbua, ila macho bado yanasoma.

Huku alizeti zimevunwa na upepo unavuma mchana kutwa.

Nilikaa na picha yako siku kadhaa kabla ya kuipeleka nyumbani Mgori, kwa baba yako. Nilikuelewa. Nyekundu ya udongo ni baba yako, kijivu ni mimi, na ule ukanda usiopakwa katikati ni miaka yote tangu tugombee shamba la marehemu babu yako nami nikaondoka. Hukuchora uso wa mtu, lakini niliona nyekundu inavyofifia kila inapokisogelea kijivu, kama mtu anayetaka kusalimia akasita. Nikapata moyo. Nilitaka kumwomba baba yako jambo moja tu: nikifa, nizikwe nyumbani, kando ya mama yetu.

Mama yako Dorkas alinikaribisha vizuri. Baba yako akaitazama picha, akacheka: "Kaka, huyu mtoto tumemsomesha apake ukuta nusu?" Nikamweleza rangi moja moja. Nikatoa ombi langu. Akasema fundi haachi ufa. Niiache picha, jibu nitalipata.

Unamjua, maisha yake yote ni kupiga lipu na kupaka nyumba za watu. Nilirudi nikiwa na furaha ya kitoto. Ufa huzibwa, nilijiambia.

Jumapili mdogo wako Peniel aliniletea picha. Ufa umezibwa kweli. Baba yako alianzia kwenye nyekundu, akaupita ukanda, akaendelea mpaka ukingoni. Kijivu hakipo. Alimwagiza Peniel aniambie, "Sasa imekamilika."

Usigombane naye, wala usichore nyingine.

Nimeitundika ukutani. Wageni wanausifu wekundu wake. Lakini wewe unajua kwamba rangi iliyopakwa juu ya nyingine haifanani na ile iliyopakwa juu ya kitambaa kitupu. Upande wangu umeingia weusi kidogo, kama udongo uliotoka kufukuliwa. Ndio udongo pekee wa Mgori utakaonifunika.

Nisalimie mumeo Noel na mjukuu wangu Rebeka. Mungu ailinde mikono yako.

Akupendaye, ingawa kwa mbali,
Baba yako mkubwa,
Andrea