Kipande cha Tatu cha Wimbo wa Baba

Mtaa wa 48,
Brooklyn, New York.
Jumanne, 12 mwezi wa Kislev.

Mpendwa kaka yangu Getzel,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Perl na wote wa nyumbani. Mguu unaendeleaje? Uliniambia daktari amekukataza ngazi, nami nikajua tu kwamba ngazi za sinagogi unazipanda kila asubuhi kama kawaida yako. Huko Melbourne sasa ni joto. Huku baridi imeanza kung'ata, na mume wangu Leybish anakohoa tangu wiki iliyopita. Kwa mengine tunamshukuru Mungu.

Asante kwa picha za mjukuu. Ana pua ya baba, maskini.

Kaka, nakuandikia kwa sababu kwenye simu nitalia na hutanielewa.

Unaukumbuka wimbo ule usio na maneno ambao baba alikuwa akiupiga kwa klarineti mwisho wa harusi, wakwe wakisindikizwa mlangoni. Vipande viwili vya kwanza kila mtu anavijua, bendi zote za harusi za hapa zilishaviiba. Cha tatu aliwaficha. Alikuwa akingoja wenye kamera wafunge mizigo yao na wanamuziki wenzake waanze kuvaa makoti, ndipo akipige, mara moja, basi. Miaka hamsini hakuna aliyekirekodi. Nyumbani alikuwa akikiimbia puani huku akimenya viazi, na ndivyo mimi nilivyokijua.

Mwanangu Anshel, unajua, ana bendi. Wanazichukua nyimbo zetu za klezma, hizi za harusini kwetu, wanazipiga kwa gitaa la umeme na ngoma za roki, vijana wanaruka mpaka sakafu inalia. Baba hakuupenda muziki huo, au alijifanya hivyo. Siku moja Anshel alimwomba kipande cha tatu, nami nipo hapo hapo.

“Nikupe uende ukakiunguze kwa umeme?” baba akasema. “Hilo gitaa lako, kijana, linalia kama paka kabanwa na mlango.”

“Babu, na klarineti yako si ililia hivyo hivyo ulipoanza?”

“Ililia. Lakini majirani walifunga madirisha wakalala. Wewe utawahamisha.”

Wakacheka wote wawili. Baba akamwambia atampa siku atakayooa. Anshel hajaoa mpaka leo, na baba alitutoka mwezi wa Heshvan mwaka jana.

Wewe pia uliukaa mwaka wa msiba, sina haja ya kukueleza. Miezi kumi na miwili bila muziki. Mimi niliushika kwa nguvu zangu zote. Redio niliitoa nyumbani. Binti wa jirani aliolewa, nikampelekea keki mchana nikarudi kabla wapigaji hawajafika. Kabla ya Pasaka Anshel akaja, akaniomba nimwimbie kipande kile kwenye simu yake ili kihifadhiwe.

“Ni dakika moja, mama. Hata mimi sitakisikiliza mpaka mwaka uishe.”

“Babu yako hata jiwe la kaburi hajawekewa, nami niimbe? Huna haya?”

Akachukua koti lake, akaondoka.

Sasa nikuambie jambo ambalo hata Leybish hajui. Wimbo ulikuwa ukinijia wenyewe. Kila Ijumaa nikikanda unga wa mikate ya Sabato, unakuja, na hasa kipande kile cha tatu. Nami nikaona wimbo ni wimbo, uwe mdomoni au kichwani, na mwaka huu ni mwiko kwangu. Nikawa nausomea zaburi mpaka unaondoka. Ijumaa baada ya Ijumaa. Kufikia majira ya joto ukaacha kuja, nami nikamshukuru Mungu kwa kunisaidia.

Mwaka ulikwisha mwezi uliopita. Tuliwasha mshumaa wa kumbukumbu, na kesho yake alasiri Anshel akaja na simu yake. Nikaimba kipande cha kwanza, nikaimba cha pili. Nikafungua kinywa kwa cha tatu, hakuna kitu. Nikaanza upya. Hakuna kitu. Nikachukua kisu nikamenya viazi, Getzel, mwanamke wa miaka hamsini na minne namenya viazi visivyo na mlaji, na mwanangu ameishika simu juu ya sufuria. Hakuna kitu. Hakunilaumu. Alisema tu, “Basi mama, utajikata.” Afadhali angenifokea.

Nikaenda kwa Rabi Zusman. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza polepole, “Kwa nini hukuja kuniuliza, Frume?” Akasema kilichokatazwa ni kujifurahisha kwa muziki. Kuimba mara moja ili kitu cha marehemu kisipotee angeniruhusu siku hiyo hiyo. Siku hiyo hiyo, kaka! Mimi ambaye humwuliza rabi hata juu ya jambo dogo kama kijiko cha nyama kilichoangukia maziwa, hili sikuuliza, kwa sababu nilikuwa na hakika. Nilidhani namheshimu baba.

Juzi Jumapili mchana bendi ya Anshel ilipiga ukumbini. Nilikwenda. Nilisimama karibu na makoti, kitambaa changu kichwani, nikidhani pengine nikivisikia viwili, cha tatu kitafuata. Walipofika mahali pake, Anshel akaweka cha kwake, alichokitunga mwenyewe kwa gitaa. Watu walipiga makofi, msichana mmoja mbele yangu alikuwa akifuta machozi. Ni kizuri, siwezi kusema uongo. Lakini tangu siku hiyo nikijaribu kumkumbuka baba, naiona midomo yake ikicheza, na kinachotoka ni gitaa la Anshel. Kwanza palikuwa patupu. Sasa hata hapo patupu hapapo.

Ndiyo maana naandika. Wewe uliishi naye nyumba moja miaka ishirini kabla ya kuhama. Najua ulikuwa ukiziba masikio ili usome, na tumaini langu ni dogo. Lakini Anshel atakutumia rekodi yao wiki hii. Tafadhali usiifungue. Kwanza kaa peke yako mahali pa kimya, ujaribu. Ukipata hata sauti tatu, nipigie saa yoyote isiyo ya Sabato. Usipopata, isikilize rekodi, umsifu kijana, anastahili. Na mimi usiniandikie lolote juu ya jambo hili. Nitaelewa.

Nisalimie wifi Perl, mwanao Yudel na mkewe, na binti yako Shprintze ambaye hanipigii simu siku hizi. Leybish na Anshel wanakusalimu sana. Mwenyezi Mungu akulinde, akupe maisha marefu, na safari nyingine atukutanishe kwenye furaha, si kwenye kaburi.

Ndimi mdogo wako, asiyeacha kukuwaza,
Frume