Kibao Chini ya Koti

Butimba, Mwanza

Dada Odeta,

Shikamoo. Huku sote wazima: wifi yako mzima, na kitambi changu nacho kinaendelea vizuri. Shemeji goti lake limepona, au bado ni kisingizio cha kutokwenda shamba?

Kwa heshima na taadhima, nakutangazia kwamba ofisi ya mdogo wako mshauri nasaha sasa ina kibao cha bei: saa moja, shilingi elfu ishirini. Nimekitundika ukutani, kisha nikatundika koti langu la harusi juu yake. Usicheke.

Nimejichunguza sana. Mtu namuuliza habari za chumbani kwake bila kupepesa jicho, lakini ikifika kutaja elfu ishirini, naenda kuangalia chai. Labda ni kwa vile nyumbani kwetu mwenye shida alipewa kigoda na maji, hakupewa bei.

Juzi Mzee Luhende, mchuuzi wa ng'ombe wa Kisesa anayekuja kwangu kwa kukosa usingizi, alitaka kutundika kofia, koti likaanguka. Akasoma kibao taratibu. Akasema mnadani ng'ombe anayefichwa bei huwa ana ugonjwa, kwa hiyo nimweleze mimi naumwa nini. Nilicheka peke yangu. Yeye aliketi, akanisubiri, kama ninavyomsubirigi mimi.

Jibu lake nakuandikia wewe.

Ulinisifu kwenye sala ya jumuiya kwamba nimemponya jirani yako Evelina, aliyefiwa na mtoto (mwenyewe ameniruhusu nikwambie haya). Hakupona, dada. Siku ile ya mwisho alipokuja ofisini ndiyo kwanza alikuwa amelitaja jina la mtoto. Mkononi alishika noti zilizokunjwa, zinanuka dagaa wake wa sokoni. Nikashindwa kuzipokea, nikashindwa pia kumwambia aje bure. Nikamwambia amepona, asisumbuke kuja tena. Moyoni nikaiita huruma. Ilikuwa aibu yangu tu.

Jana nilimpigia simu kumwomba radhi. Akasema bado halali, ila hakulalamika kwa sababu alidhani kupona ndiko huku.

Alhamisi atavuka kwa kivuko. Tumepatana elfu tano. Niliitaja mwenyewe, sikwenda kuangalia chai.

Nisalimie shemeji na watoto. Na jumuiyani, tafadhali, waambie ukweli.

Mdogo wako,
Mayala