Amani ya Dominick na Mbuzi wa Krismasi

Jumamosi, 21 Desemba 2024

Kwaya imefanya mazoezi uani kwetu, na spika za kukodi. Nyimbo zote amani—amani Betlehemu, amani duniani, amani mpaka masikio yanauma! Upande wa pili wa ua, kwa Mzee Shamte, walikuwa wanasoma hitima ya marehemu mama yake. Mkewe, Kidawa, akaja kwa adabu kabisa, akaomba tupunguze sauti kidogo. Mume wangu akamjibu kwamba wimbo wa amani haujawahi kumuudhi mtu. Akaongeza sauti. Dominick huyo, mwenyekiti wa jumuiya! Nimeona aibu, nikajifanya naosha vikombe.

Jumatatu, 23 Desemba

Shamte hajibu salamu. Dominick anasema mzee ana kiburi. Nyani haoni kundule.

Sasa kuna mbuzi. Tangu tuhamie Mitwero, mbuzi wetu wa Krismasi anachinjwa na Shamte, ili majirani Waislamu nao wale bila wasiwasi. Mwenye mbuzi huenda mwenyewe kumwomba. Nimemwambia Dominick aende, aombe radhi kwanza, kisha aseme habari ya mbuzi.

"Nikapige magoti kwa ajili ya mbuzi wangu mwenyewe?"

Haya.

Jumanne, 24 Desemba

Hakwenda. Amechinja mwenyewe, nyuma ya choo, geti kalifunga kwa komeo kama mwizi. Tukiulizwa, eti tuseme kachinja Bakari wa sokoni. Nikasema basi tule wenyewe, sahani zisitoke. Hataki! Mwenyekiti asiyegawa pilau, watu watamwonaje? Anasema nyama haina mdomo. Nina hasira mpaka vitunguu vimeungua.

Jumatano, 25 Desemba

Misa. Dominick kapewa kusoma maombi. Kaombea Gaza, Ukraine, Kongo, Sudani—kila mahali isipokuwa upande wa pili wa ua. Na sauti ikamtetemeka! Mama mmoja akafuta machozi. Mimi nilibana meno. Padri akahubiri kwamba amani ya Mtoto Yesu ianzie kwa jirani. Dominick akaitikia kwa kichwa, halafu akageuka kuwatazama waliokaa nyuma, kana kwamba wanaosemwa ni wao.

Tumerudi. Mara anabisha hodi Kidawa, mwenyewe, na wajukuu wake wawili. Sikutegemea kabisa. Anasema wazee wanune mpaka wachoke, sisi undugu wetu uko palepale, na watoto tangu asubuhi wanaulizia pilau ya Mama Yustina. Nilitaka kulia. Akauliza nani kachinja mwaka huu, hivi hivi tu, kama mtu anayeuliza habari za nyumbani.

"Bakari," kasema Dominick. Hata kope hazikumcheza!

"Alhamdulillahi," kasema Kidawa, akawaambia watoto wakanawe.

Nimekimbilia jikoni, ndiko naandika, daftari juu ya gunia la mkaa. Dominick anaita sahani za wageni. Nikimuumbua, Krismasi imevunjika hapo hapo, na kesho jumuiya nzima wananijadili mimi, si yeye. Nikinyamaza, namlisha Kidawa kitu ambacho dini yake imemkataza, yeye na watoto. Mwanamke huyu alikesha na mimi hospitali nilipomzaa Yustina. Hapana. Amani ya namna hiyo abaki nayo mwenyewe.

Kuna wali mweupe na maharage ya nazi. Nilipika pembeni asubuhi, nikijiambia sijui ni wa nini. Nilijua. Nimepakua sahani nne—ya Kidawa, za watoto, na yangu. Pilau naipeleka kwa Dominick peke yake. Akiniuliza mbele ya mgeni kwa nini mimi na wageni hatuli nyama ya Krismasi, nitamjibu mbele ya mgeni.

Anaita tena. Sinia liko tayari.