Mkufu wa Nukta na Mistari

Soni, 20 Februari 2024

Kaka Rashidi, shikamoo.

Hujambo wewe, wifi Mwanaheri na watoto? Baridi ya Shume mnaionaje mwaka huu? Huku Soni tu wazima, ila kiuno kinaniuma nikikaa sana kwenye shanga.

Najua umeifungia namba yangu, ndiyo maana barua nampa Jafari wa lori la kabichi. Tangu tumzike baba hujakanyaga hapa, mwaka wa pili huu. Sawa. Lakini sasa nina haja nawe. Hashimu, fundi cherehani wa pale sokoni, ameniposa, na ndoa ni Jumamosi ya tarehe 20 Aprili. Baba hayupo, na kaka ninaye mmoja tu. Walii wangu ni wewe.

Nimemtungia wifi mkufu. Kabla hujampa, upitishe vidoleni. Ushanga mrefu ni mstari, wa mviringo ni nukta, mweupe unatenga herufi. Ni zile herufi za Morse alizokuwa akizipiga baba kwenye mashine ya stesheni ya Mombo, na kutugongea sisi mezani tukingoja ugali. Watalii wananunua bangili zangu kwa sababu ya siri hiyo. Ya kwako si ya kuuza.

Mdogo wako,
Hadija


Shume, 27 Februari 2024

Hadija, marahaba.

Sote tu wazima, alhamdulillahi.

Jafari alimkabidhi mkufu mke wangu, mimi nilikuwa msituni. Nimeusoma shingoni mwake: mstari, nukta, mstari, nukta, mpaka kwenye kifungo. Nyeupe zote zimerundikana nyuma. Hakuna neno hata moja. Unanichezea? Kazi iliyotusomesha ndiyo umeifanya pambo la kuwafurahishia wapita njia?

Kuhusu uwalii sijasema ndiyo.

Kaka yako,
Rashidi


Soni, 2 Machi 2024

Kaka, shikamoo. Natumaini hamjambo.

Jamani! Siku tatu nimeuinamia mkufu ule mpaka macho yakatoka machozi, halafu unaniambia nakuchezea? Mimi sikupanga hivyo hata kidogo. Kuna mtu ameufumua. Muulize mkeo, usinigombeze mimi.

Nimetunga mwingine. Safari hii nimeushonea ndani ya kitambaa, na nimemwambia Jafari akikukosa arudi nao. Ila usinitake niliandike neno lile kwa kalamu. Nimejaribu, mkono unagoma.

Mdogo wako,
Hadija


Shume, 14 Machi 2024

Hadija, marahaba. Ramadhani karimu. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa, sasa anacheza.

Mwanaheri amekiri. Aliona shanga zimekaa ovyo, mbili ndefu hapa, nne fupi pale, akasema maskini wifi, macho yamemchoka. Akazifumua akazipanga vizuri, moja ndefu moja fupi, eti asikuaibishe mbele za watu. Anaomba radhi. Nilicheka, halafu hasira zikanirudia.

Wa pili nimeusoma. NISAMEHE. Nikusamehe nini, Hadija? Nilifika Soni nikakuta udongo mbichi. Wazee wakaniambia walitaka kungoja mpaka laasiri, wewe ndiye uliyesema baba azikwe adhuhuri. Baba yangu! Leo unanitumia neno moja limefichwa kwenye uzi, nilivae shingoni nisahau?

Andika ulichofanya. Kama huwezi, muombe kadhi akutafutie walii mwingine.

Rashidi


Soni, 11 Aprili 2024

Kaka, shikamoo. Idi njema kwako na kwa wote wa nyumbani. Jafari alikuwa ameumia mguu, sasa amepona, ameanza tena safari.

Mwezi mzima nimeandika na kuchana. Hashimu ameshamaliza kushona kanzu yake, kila siku ananiuliza jibu, nami namjibu kwa ukali, maskini ya Mungu.

Haya, shika. Wewe ulitaka baba apelekwe hospitali. Baba akanishika mkono akasema anataka kufia kitandani kwake, nami nikamkubalia. Ukaniambia kwenye simu kwamba akinifia mikononi utanishitaki kwa ukoo mzima. Akanifia mikononi, Rashidi, asubuhi, namnywesha uji. Niliogopa. Nilikuona akilini unaingia mlangoni unanipigia kelele mbele ya maiti. Wazee waliponiuliza kama nimekupigia, nikawaambia nimepiga mara nne, hupatikani, Shume hakuna mtandao.

Sikupiga hata mara moja. Nilikunyima kumzika baba.

Ndiyo hilo. Ukimwambia mtu yeyote sitakataa.

Mdogo wako,
Hadija


Shume, 16 Aprili 2024

Hadija, marahaba.

Idi yetu ilikuwa nzuri, watoto wamekula pilau mpaka wameugua.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Sasa nikuambie na mimi. Siku ile sikwenda kazini. Nilijua baba yu mahututi, nikapanda kule juu mtandao unakoshika, nikakaa kwenye gogo tangu alfajiri, simu mkononi. Nilikuwa nimeshafunga mzigo. Haikulia. Habari nililetewa mchana na dereva wa lori la mbao.

Nilijua hukupiga. Nilijua siku hiyo hiyo, wazee walipoanza kunisimulia hizo mara nne zako, nami nikanyamaza nisikuumbue. Miaka miwili nilikuwa nangoja uniambie wewe kwa mdomo wako, nawe unaniletea salamu za baridi na kabichi!

Nina hasira bado, sikufichi. Jumamosi nakuja nazo hivyo hivyo. Mwambie Hashimu awe amekaa mkekani saa nne kamili, mimi si mtu wa kungojeshwa. Nitakuozesha. Kisha wewe na mimi tutakwenda makaburini peke yetu, unionyeshe alikolazwa kichwa, maana hapo sikuwepo.

Kaka yako,
Rashidi