Vipimo Ambavyo Sikukutumia

3 Februari

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Kifua kimepona? Mimi mzima, nalala, nakula, na huu ni mwaka wa pili sijagusa chupa wala kidonge.

Nina habari. Nimechaguliwa kusomea utetezi rika. Ni kazi ya sisi tuliowahi kuzama: unamshika mkono anayejaribu kuacha, unakaa naye kwenye foleni ya kliniki, unamsemea pale wanapomfukuza. Nikifaulu nitapewa cheti chenye muhuri, tarehe 20 Juni. Mimi, niliyefukuzwa hata kwenye kwaya.

Mkufunzi wetu ni nesi mstaafu, na mezani ana kengele ndogo. Tunaigiza mazungumzo wawili wawili, na ukimwambia mwenzako afanye hivi au vile, anaigonga. Anasema ukimwamulia mtu, hata kuacha kwake hakudumu. Muulize, msikilize, aamue mwenyewe. Siku ya kwanza nilipigiwa mara kumi na moja. Unaujua mdomo wangu.

Na wewe je, unaendeleaje? Sikuulizi kwa ubaya.

Dada yako

19 Februari

Shikamoo dada, au siku hizi nikuite Mwalimu?

Kifua kimepona. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa karakanani, mafundi wakapiga makofi. Dada yangu, ambaye tulikuwa tukigawana naye kidonge kimoja kwa wembe, anapewa muhuri. Basi siku hiyo huvai nguo ya kuazima. Nitakushonea suti ya bluu, koti na sketi. Nitumie vipimo: kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Miaka miwili sijakuona.

Umeuliza, nakujibu. Sijaacha. Mikono inatetemeka mpaka fundi mkuu amenitoa kwenye cherehani, nashona vifungo kwa mkono. Nimechoka, dada. Nikiendelea kukaa hapa sitafika mbali, nalijua hilo. Nije kwako? Sema tu, nitapanda basi na mkasi wangu.

Mdogo wako

2 Machi

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Asante kwa kunieleza ukweli, najua haikuwa rahisi. Nimesikia kwamba umechoka na kwamba unafikiria kubadilisha mazingira. Je, wewe mwenyewe unaonaje? Ukija, unatarajia nini kibadilike? Na ukibaki, ni kipi kitakusaidia? Uamuzi ni wako, na wowote utakaouchukua nitauheshimu.

Barua hii nimeiandika mara nne, mpaka nimehakikisha hakuna mahali ambapo kengele ingelia.

Dada yako

12 Machi

Shikamoo dada,

Mimi sijambo kidogo. Mwenzangu wa vifungo aliichungulia barua yako akauliza imetoka ofisi gani. Nikamwambia ni ya dada yangu wa tumbo moja. Akanipa pole. Tulicheka sana, yeye zaidi.

Unauliza naonaje. Dada, ningekuwa naona, nisingekuuliza.

Lakini usijali, soma ufaulu. Vipimo umesahau, nami sitaki kukusumbua katikati ya masomo. Umbo lako nalikumbuka.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Salamu nitakupa ukifika.

Leo, wiki ya saba, tumefundishwa somo la jamaa. Nilinyoosha mkono kwa majivuno, nikasoma nakala ya ile barua niliyokuandikia. Kengele haikulia. Mkufunzi aliifunika kwa kiganja, akaniuliza, "Nani alikwambia umwandikie ndugu yako hivi?" Akasema kwa mtu wa damu yako wewe si mtetezi, wewe ni dada, mtetezi wake atatafutwa mwingine. Nilitamani ardhi inimeze. Somo ni la wiki ya saba, na wewe uliniuliza wiki ya tatu.

Njoo. Panda basi la kwanza. Chumba cha nyuma nimekifagia, kitanda kipo, meza ya cherehani nimeiweka dirishani. Njoo hata kama mikono inatetemeka, njoo hata kama umekunywa njiani. Nimekuamulia, kengele na ilie.

Dada yako

21 Juni

Mdogo wangu,

Leo sikuulizi hali.

Jana nilipewa cheti. Muhuri upo, jina wameliandika vizuri. Nilitaka nikusimulie wewe kabla ya mtu mwingine yeyote, na mazoea hayo sijui nitayaacha vipi.

Siku tuliyokuzika, fundi mkuu alinikabidhi vitu viwili. Kimoja ni barua yangu ya mwisho, haijafunguliwa, maana ilifika siku mbili baada ya wao kukukuta kwenye meza ya kukatia, hupumui tena. Cha pili ni suti ya bluu. Alisema ulimwomba akurudishe kwenye cherehani kwa kazi hiyo tu, akakubali. Nimeukagua mshono wote kwa kidole. Umenyooka toka begani hadi chini, sijui mikono ile uliituliza vipi.

Jana asubuhi niliijaribu. Sketi haikupita nyongani, koti halikufunga. Ulimshonea yule dada wa mifupa mitupu uliyekuwa ukigawana naye vidonge, kwa sababu huyu wa sasa hukuwahi kuletewa vipimo vyake. Nilikaa sakafuni nikalia mpaka jirani akagonga mlango. Fundi wa mtaa huu alisema anaweza kuipanua. Nilimkatalia. Nilienda na gauni langu la kila siku, suti nikaipakata mpaka nilipoitwa mbele.

Leo nimeanza kazi. Mpishi mmoja, siku ya nne bila pombe, alisimama mlangoni pa kliniki akaniuliza kama aingie au arudi kwao. Jibu la darasani nilikuwa nalijua, na kengele ya mkufunzi, aliyekuja kunisimamia, ilikuwa pale mezani. Nikamwambia, "Ingia," nikamvutia kiti. Neno lenyewe lilitoka kwa urahisi kabisa, mdogo wangu, na hilo ndilo linaloniua.

Dada yako