Siku Uliyotutembeza Nzilo

Tata yangu mpendwa, baba uliyelala Mwene-Ditu,

Nakuandikia kutoka Kolwezi. Ndiyo, nimerudi, na mama nimerudi naye. Kabla hujaanza kuhangaika huko uliko, hakuna anayetufukuza. Mama ana nyumba ndogo nyuma ya soko. Analalamikia vumbi la malori kutwa nzima, na bado hakubali mtu mwingine amsongee bukari. Kwa hiyo jua kwamba ni mzima.

Nina sababu ya kuandika. Tangu tulipomzika Mwadi mpaka unakata roho, ulikuwa na neno moja tu: "Ningebashusha mu Lubudi." Ulilisema makaburini, ukalisema mezani bila mtu kukuuliza, ukalisema hospitalini ulipokuwa huna tena nguvu ya kusema mengine. Uliamini kwamba wewe ndiye uliyetutoa Kolwezi, na kwamba mdogo wangu alikufa kwa sababu ulikosa moyo wa kutuacha Lubudi kwa wajomba. Mama alikusikia miaka yote hiyo akanyamaza. Juzi amezungumza, akaniambia nikuandikie. Lakini lazima nianze na ile siku ya matembezi, maana alichokifanya baadaye hakieleweki bila siku ile.

Unakumbuka jinsi ulivyokuwa. Siku za kazi ulikuwa karani wa kampuni, Jumapili ulikuwa kiongozi wa wageni. Mainjinia na wake zao, mapadri, watu waliotoka mbali kutazama tu, wote uliwapeleka: kilima kisichoota miti, matanuri ya shaba ya watu wa kale, halafu mabonde ya Nzilo, pale Lualaba inapojipenyeza kati ya miamba. Ulikuwa na koti lako la kazi hiyo na sauti yako ya kazi hiyo. Sisi hukutupeleka hata mara moja. Mama alikuwa akikusuta ukirudi jioni: "Bazungu banajua ile kilima, bapadiri banajua. Mi bibi yako minajua tu viatu vyako vya matope." Wewe ulicheka, ukamwambia kilima hakikimbii.

Kumbe sisi ndio tungekimbia. Kampuni ilianza kufa ukiiona. Mshahara ulikuja ukiwa umechelewa, halafu haukuja. Basi la wageni liliegeshwa, wakaja watu wakang'oa magurudumu. Kisha redio ikaanza kusema kila mtu arudi kwao, na kwenu, ilisemekana, ni Kasai. Wewe uliyezaliwa kwenye hospitali ya kampuni, hapa hapa, kwa sababu baba yako aliletwa kuchimba. Kasai ulikuwa umeiona kwenye ramani ya ofisini tu. Watoto niliokuwa nikiruka nao kamba wakaanza kutuita bilulu, wadudu. Mama zao hawakuwakanya. Mama yetu ni mtu wa Lubudi, Katanga kabisa, kaskazini, kwa hiyo yeye hakuguswa. Walimpa pole, kana kwamba amefiwa.

Ndipo Jumapili moja baada ya misa ukasema, "Mujitayarishe. Leo minabatembeza."

Tulikwenda kwa lori la kufuata makaa, sisi nyuma pamoja na magunia matupu. Mama alivaa kikwembe chake cha harusi kukudhihaki. "Bwana kiongozi, bageni bako beko tayari." Wewe ulikuwa umevaa koti lako, na kitambulisho cha kampuni ulikuwa umekibandua. Ulibeba kibuyu cha munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwa ajili ya mwenye kilima, kama ulivyofanya siku zote. Mwadi alikaa mapajani kwa mama, ndio kwanza anajua kutembea, akitaka kushuka kila lori lilipopunguza mwendo.

Njiani ukaniinamia sikioni. Ukanieleza desturi ya kule, kwamba mtu hakanyagi matanuri ya wakubwa kabla hajatambulishwa. Mwenye kilima anamuuliza jina lake na kijiji cha baba yake, mtu anajibu kwa sauti, anapakwa pemba, udongo mweupe, mkononi, anapita. Wageni wako walikuwa wakiifurahia sana desturi hiyo. Walitaja miji yao ya Ulaya na mwenye kilima akaipokea yote bila kukunja uso. Halafu ukasema, "Bakikuuliza, jibu: mi mutoto wa Lubudi, wa kwabo na mama."

Nikakuuliza, "Na kwabo na tata?"

"Leo sema tu ya mama."

Nilikuwa mtoto lakini sikuwa mjinga. Kwetu mtoto huitwa kwa baba yake. Kutaja kwao mama, na baba umesimama pale pale unapumua, ni kama kusema humjui. Na sikujua kwamba ulikuwa unatuzoeza kubaki bila wewe.

Kilima nakikumbuka vizuri kuliko nyumba yetu. Pembeni kote ni msitu, halafu ghafla miti inaisha, majani mafupi tu na maua madogo ya zambarau. Hapo sauti yako ya kazi ikatoka yenyewe. Ulituambia udongo ule una shaba nyingi kiasi kwamba mti unakataa kuota, ni hilo ua tu linalokubali. "Bankambo betu ba zamani baliona maua mbele ya kuona jiwe," ulisema, na ulitembea kinyumenyume ukituangalia, kama tulikuwa ujumbe uliotoka mbali. Mwadi alichuma ua akalitia mdomoni, mama akalitoa kwa kidole. Ulikasirika kidogo kwa sababu ulikuwa bado hujafika mwisho wa maelezo.

Mwenye kilima alitusubiri juu, baiskeli yake ya makaa imelala majanini. Mwanamume wa rika lako, mcheshi, aliyepokea kibuyu chako na kuonja kabla ya salamu kuisha. Nyuma yake yalionekana matanuri, duara za udongo ulioungua, ambao watu wa kale waliuchukua kwenye vichuguu kwa sababu unavumilia moto, na kando yake mabonge meusi ya takataka za kuyeyushia shaba. Vijana wa lori walikuwa wamepanda nao kutazama. Hao ndio uliowaogopa.

Mama alitangulia. Hukuwa umemfundisha la kusema. Ulidhani hana haja ya kufundishwa, maana yeye kwao ni Lubudi na si siri. Akanyoosha mkono na kusema, kwa sauti ile ile ya kuitia muuza nyanya, "Mi bibi ya Tshibangu. Kijiji yetu ni ile ya tata yake, ku Kasai. Na hii batoto ni ya kule."

Vijana wa lori wakatazamana. Siku zile nyumba ilichomwa kwa maneno machache kuliko hayo. Mwenye kilima akabaki na pemba kidoleni.

"Mama, siku hizi bantu banaficha ile neno."

"We ndiye unaniuliza. Mi minakujibu."

Yule bwana akacheka mpaka mabega yakatikisika, akampaka. Kisha akanigeukia mimi. Nilikutazama, tata, ulikuwa umekaza macho. Nikasema kama mama. Wewe ukageuka kuangalia msitu, na nilidhani nimekukosea. Leo nina watoto, na najua mtu akigeuka hivyo anafuta nini.

Nzilo tulifika mchana. Hukutoa maelezo. Lualaba pale haitulizwi na mtu, inaingia kati ya kuta za mawe ikinguruma hata kifua kinatetemeka, na ukungu wa maji unapanda juu. Ukanikalisha na Mwadi kwenye mwamba, ukamsogeza mama pembeni ili mzungumze faraghani. Faragha gani pale? Mto ulikulazimisha kupiga kelele, na kila neno nililisikia. Ulimwambia utapanda gari moshi la Kasai peke yako. Ulimwambia arudi na sisi Lubudi kwa kaka zake, huko hakuna atakayetugusa. Mambo yakitulia utatufuata.

"Sisikie!" mama akajibu.

Ukarudia, kwa nguvu zaidi, mishipa ya shingo imekutoka.

"Mayi inapiga kelele! Sisikie!"

Alikuwa anasikia, tata. Mimi niliyekuwa mbali nilisikia. Ulijaribu tena, sauti ikakukauka, ukaketi chini ukashika kichwa, naye akaja akaketi karibu na wewe akatoa mihogo ya kuchoma kwenye kitambaa. Tukala. Baadaye, Mwene-Ditu, kule Kasai, ulikuwa ukisema ungemkalisha mama tena nyumbani kwenye utulivu, ungekaza neno lako. Ulisimulia siku ile kama siku uliyoshindwa. Mimi naikumbuka kama siku nzuri kuliko zote tulizokuwa wanne, na sioni haya kusema.

Ya stesheni sitayarefusha, uliyaona. Tulilala kwenye saruji pamoja na watu wengine tukisubiri gari moshi, mama akipika kwa kuni za milango ambayo watu waliing'oa kwenye nyumba zao. Tulipopata behewa tulishukuru, ingawa tulisimama. Tukapita Tenke. Tukafika Lubudi, gari moshi likasimama, na hapo ndipo ninapokuomba usikilize.

Ulichukua bidoni ukaenda kutafuta maji, ukanishika mkono nikusaidie kubeba. Mama alibaki dirishani na Mwadi. Tulipanga foleni kwenye bomba. Tuliporudi alikuwa amekaa vile vile, Mwadi mapajani, naye akasema tumechelewa. Ndicho tulichokijua mimi na wewe.

Tulipokuwa kwenye bomba, kaka yake mkubwa alikuja. Alikuwa akija kila gari moshi lilipopita, akichungulia behewa kwa behewa. Alimwona mama dirishani. Mama ananisimulia haya akichambua majani ya mihogo, haniangalii.

"Shuka na batoto," kaka yake alimwambia. "Nyumba iko, bunga iko. Banafukuza bwana yako, we hakuna muntu anakufukuza."

Mwadi alikuwa na joto tangu asubuhi, behewani hakukuwa na hewa. Mama akampitisha dirishani. Alimkabidhi kwa kaka yake, mikononi, nje, kwenye hewa safi ya kwao. Mwadi hakulia. Mjomba alimpakata vizuri, mama anasema, kama mtu aliyezoea watoto, akamsemesha. Akamwambia, "Karibu kwenu. Hapa utakuwa mutoto wangu. Ile jina ya Tshibangu tutaiacha mu train."

Alisema kwa wema. Mama anarudia hilo kila mara, kwamba kaka yake alisema kwa wema. Lakini aliposikia hivyo alinyoosha mikono nje ya dirisha na kusema, "Nirudishie mutoto wangu." Mjomba alidhani hajaelewa. Mama akasema tena, "Nirudishie. Tata yake iko anamuletea mayi."

Mjomba akamrudisha. Akaondoka analia. Ndipo sisi tukaja na bidoni.

Joto lile lilikuwa surua. Yaliyobaki unayajua, ulichimba kaburi mwenyewe.

Sitakudanganya, nilimkasirikia mama. Nilitoka nikatembea mpaka barabara ya mgodi wa Mashamba, nikasimama pembeni malori yakinipitia, nikamwaza Mwadi mikononi mwa mjomba, mzima, mwanamke mtu mzima leo na watoto wake Lubudi. Nilimwaza pia miaka yote mama aliyokuacha useme neno lako bila kukujibu. Niliporudi nikamuuliza juu ya hilo, kwa ukali. Akasema alikuwa akijaribu. Kila uliposema "ningebashusha," yeye alifungua mdomo, akaona kwamba akikuambia utaacha kujilaumu na kuanza kumlaumu yeye, na hakuwa na mtu mwingine duniani. "Nilikuwa na woga," akasema. "Sasa minazeeka, ule woga unaisha. Umuandikie."

Nikamuuliza, angepata tena dirisha lile, angefanyaje? Akachambua majani yake yote mpaka yakaisha.

"Sijue," akasema. "Kila siku minamupitisha inje. Siku ingine minamuacha kule. Siku ingine minamurudisha. Lakini mi ndiye nilikuwa naye mu mikono, mwanangu. Si tata yako. Tata yako alikuwa ku bomba."

Basi nimekuletea neno lake kama alivyonipa. Usimkasirikie, nimekwisha kufanya hivyo kwa niaba yako, na hasira imenitoka. Usiku tulikula pamoja, akanisukumia kipande kikubwa cha samaki kama anavyofanya akitaka kuomba radhi.

Tata, yule mtoto hukumnyima Lubudi. Alishushwa Lubudi, akapakatwa, akakaribishwa. Mama yake akaomba arudishwe kwa sababu wewe ulikuwa unakuja na maji.

Lala sasa, ulikesha miaka mingi.

Ni mimi, binti yako mkubwa, niliyekushikia bidoni.