Salamu kwa Barasa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa mtaani Najma tu wazima. AC imetengenezwa, na sasa mamako analalamikia baridi.

Uliniuliza kwa nini nililia vile tulipotazama ile filamu ya wanaume wawili waliopendana, mmoja akafa. Nilikuwa namlilia Barasa.

Barasa aliishi na kaka yangu Elija miaka tisa, nyumba moja, na sisi hatukuuliza kitu. Kaka alipofariki, mimi ndiye niliyepewa karatasi ya kuita watu watupe udongo kaburini: wazazi, ndugu, marafiki, kisha majirani. Nilijua vizuri Barasa alikuwa nani kwake. Lakini baba alikuwa ananitazama, nikamwita pamoja na majirani.

Alikuja, akatupa udongo wake. Aliponipita akasema kwa sauti ya chini, "Asante, shemeji."

Nilijifanya sikusikia, nikasoma jina lililofuata.

Nasikia bado anaishi Webuye. Ukienda likizo, mtafute umpe salamu. Akiuliza zimetoka kwa nani, mwambie ni kwa shemeji yake.

Nyanya yako,
Roza